Modeli Nne, Nukta Moja: Maneno kwa Wenzangu wa Ujenzi, Tabora

Haya ni maneno niliyoyasema Tabora mjini mbele ya wabunifu majengo, wahandisi, wakadiriaji majenzi, wapima na mafundi. Nimeyaandika karibu kama yalivyotoka mdomoni, isipokuwa pale nilipoona kwamba jambo lilihitaji kufafanuliwa zaidi kwa maandishi.

Ndugu mwenyekiti, wazee wetu wa kazi, shikamooni. Ndugu zangu wahandisi, wakadiriaji, wapima, mafundi, na vijana mliotoka madarasani kuja kusikiliza, habari za asubuhi.

Mimi ni mbunifu majengo kutoka Kigoma. Nimeombwa nizungumzie namna ya kufanya kazi na modeli zilizounganishwa katika programu za kubuni majengo, na nitatumia zaidi mifano ya Revit kwa sababu ndiyo programu ninayoishika kila siku, ingawa wale wanaotumia ArchiCAD au FreeCAD watayatambua mengi nitakayoyasema hata kama kwao yana majina mengine.

Wazee waliopo hapa wanaikumbuka karatasi ya kufuatishia. Mbunifu alichora kuta zake, mhandisi akatandika karatasi yake juu ya ile ya mbunifu, akaona kuta kwa chini na kuchora nguzo zake bila kugusa mstari hata mmoja wa mwenzake. Lakini kabla ya kuchora chochote, walikuwa wanatia alama ndogo za msalaba kwenye pembe za karatasi, ili kila mara karatasi zinapotandikwa upya zikae pale pale. Mwaka 1990 programu ya kuchorea ya AutoCAD, toleo lake la 11, ilituwezesha kuutazama mchoro wa mtu mwingine ndani ya mchoro wetu bila kuumeza. Revit, iliyoingia sokoni mwaka 2000 na kununuliwa na kampuni ya Autodesk mwaka 2002, inafanya hivyo kwa modeli nzima ya jengo, yenye kuta, milango, nguzo na mabomba. Karatasi tumeziacha, na ninavyoona mimi, alama za msalaba tumeziacha pamoja nazo. Hizo alama ndizo zilizonileta hapa leo.

Kwanza tuelewane kuhusu kiungo chenyewe. Ninapoiunganisha modeli ya mhandisi wa miundo ndani ya modeli yangu, nguzo zake hazihamii kwangu. Ninaziona, ninaweza kupima umbali kutoka kwenye ukuta wangu hadi kwenye nguzo yake, ninaweza hata kukata picha ya jengo ikaonyesha kazi yetu sote wawili, lakini siwezi kuisogeza nguzo hiyo hata kwa milimita moja. Anayetaka nguzo isogee ampigie simu mwenye nguzo. Baadhi ya vijana wanauona huu kuwa usumbufu, na wapo wanaoamua kuivunja modeli ya mwenzao na kuimwaga yote ndani ya faili lao ili waweze kuhariri kila kitu. Nawasihi msifanye hivyo. Mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi ndiye anayetia sahihi kwenye nguzo ile, na ikisogezwa na mtu mwingine, sahihi yake inabaki kwenye kitu asichokijua.

Sasa niwaeleze kilichonipata mwenyewe, Kigoma, kwenye jengo moja la bweni ambalo mimi ndiye niliyelibuni.

Tulikuwa watatu: mimi, mhandisi wa miundo, na mhandisi wa mabomba. Kila mmoja alikuwa na faili lake. Mhandisi wa mabomba aliiunganisha modeli yangu ndani ya yake kwa kuchagua njia ya kituo kwa kituo, yaani programu inatafuta katikati ya modeli yangu na katikati ya modeli yake, kisha inazikalisha pamoja. Hapo mwanzo zilikaa vizuri. Akachora gridi zake, yaani mistari ya mwongozo ya kupimia jengo, juu ya gridi zangu, akapanga vyoo na mabomba ya maji taka, kazi ikaenda.

Baada ya wiki mbili mteja aliomba baraza upande wa mbele. Nikaongeza baraza la upana wa mita 1.8, nikahifadhi faili, na hapo nikafanya kosa ambalo nilikuwa nimelizoea: nikalipa faili jina jipya lenye tarehe ya siku ile, nikamtumia. Kwa kuwa jina lilikuwa jipya, programu yake haikulitambua kuwa ni faili lile lile. Akaifuta modeli yangu ya zamani na kuunganisha hii mpya, kwa njia ile ile ya kituo kwa kituo. Baraza lilikuwa limeongeza upana upande mmoja tu, kwa hiyo katikati ya modeli yangu palikuwa pamesogea nusu ya baraza, wakati kituo cha modeli yake kilibaki pale pale. Jengo lote likahama sentimita 90 kwenye kioo cha kompyuta yake. Yeye aliona vyoo vimeachana na mabomba, akadhani ni mimi niliyehamisha vyoo, na kama mtu mwema akayasogeza mabomba yote yafuate vyoo. Gridi zake hakuzigusa. Vipimo vyote kwenye ramani aliyoichapisha vilihesabiwa kutoka kwenye gridi hizo.

Aliyeligundua kosa ni fundi bomba. Kamba za gridi zilikuwa zimefungwa, msingi umepanda, kifusi kimeshindiliwa, na nondo za jamvi, yaani sakafu ya zege, zilikuwa zinasubiri. Fundi alipima kutoka kwenye kamba kama ramani ilivyosema, akachomeka kipande cha bomba la inchi nne pale choo cha kwanza kilipotakiwa kuwa, akasimama akakitazama, kisha akapima tena. Bomba lilikuwa limesimama ukumbini, nje ya ukuta wa choo. Akanipigia simu: "Kaka, njoo utazame. Hapa watu watajisaidia koridoni." Nilipofika alikuwa ameweka tofali juu ya lile bomba ili nisilikose. Jamvi lingemwagwa asubuhi iliyofuata.

Tulipoteza siku mbili, na namshukuru fundi yule hadi leo, kwa sababu tungeweza kupoteza jamvi zima. Naomba mtambue kwamba katika watu wote watatu hakuna aliyefanya uzembe. Kila mmoja alikuwa makini ndani ya faili lake. Kilichokosekana ni makubaliano ya mambo mawili madogo, mahali pa kuanzia kupima na jina la faili, ambayo yangechukua nusu saa mezani kabla ya mstari wa kwanza kuchorwa.

Nianze na mahali pa kuanzia, kwa kuwa hapo ndipo penye uzito wa kazi yote.

Kila faili la Revit lina nukta ya asili iliyofichika ndani yake, ambayo haihami. Ukiunganisha modeli kwa njia ya asili kwa asili, nukta hizo mbili zinakaa pamoja, na haijalishi nani ameongeza baraza au kubomoa stoo. Ninachokitumia sasa ni hiki: kabla ya kazi kuanza, mimi kama mbunifu ninatengeneza faili lenye gridi na usawa wa sakafu peke yake, makutano ya gridi A na gridi 1 yakiwa juu ya nukta ya asili, na ninamtumia kila mmoja. Wote wanaanzia hapo. Kisha kila mmoja anatumia zana ya kunakili na kufuatilia, ambayo inachukua nakala ya gridi zangu ndani ya faili lake na kuendelea kuzichunga za kwangu, ili nikisogeza gridi yoyote yeye apate onyo anapofungua kazi yake. Laiti mhandisi wangu wa mabomba angekuwa na onyo hilo siku ile.

Lakini jengo linakaa juu ya ardhi, na ardhi ina mpima. Hapa ndipo ninapoona vijana wengi wakiteleza, na ni kwa sababu ya nchi yetu ilivyokaa duniani. Mpima anakuletea koodineti za bikoni, zile ambazo shuleni tuliziita majira ya nukta. Katika mfumo wa UTM, unaoigawa dunia katika kanda na kutaja mahali kwa mita, kwa sisi tulio kusini mwa ikweta, ikweta yenyewe imepewa namba ya mita milioni 10, na namba inapungua kadiri unavyokwenda kusini. Kwa hiyo kiwanja cha Kigoma mjini au cha hapa Tabora kina namba ya kaskazini inayozidi mita milioni 9.4. Kijana anaipokea namba hiyo, anaiamini, kama anavyopaswa, halafu anakwenda kulichora jengo lake huko huko, maelfu ya kilomita kutoka nukta ya asili ya faili. Revit inataka umbo lote la jengo liwe ndani ya kilomita 16 kutoka nukta hiyo. Ukizidisha, hesabu za mashine zinapoteza usahihi: mistari inatetemeka kwenye kioo, vivuli vya zege vinakatika, kuta zinakataa kushikana, na kijana anaanza kulaumu kompyuta.

Dawa yake ipo na haina ugumu. Chora jengo karibu na nukta ya asili, kisha chagua bikoni moja iliyo karibu na jengo na uiambie programu kwamba bikoni hii ina namba hizi za kaskazini, namba hizi za mashariki, na urefu huu juu ya usawa wa bahari. Jengo halihami popote. Ni jina la mahali ndilo linalobadilika. Kazi hiyo ifanywe na mtu mmoja tu, ndani ya faili moja, ambalo mara nyingi ni faili la kiwanja, na wengine wazipokee namba hizo kutoka kwake kupitia kiungo. Wakizijaza watu wanne kwa mikono, mmoja ataandika 7 mahali pa 1.

Wenzangu wa Kigoma wanalo jambo la ziada la kuchunga. Mstari wa longitudo ya 30 mashariki, unaotenganisha kanda ya 35 na kanda ya 36 za UTM, unapita kati ya Kigoma mjini na Kasulu. Ukifuata kanda zilivyo, Kigoma mjini iko kanda ya 35, na namba yake ya mashariki ni kama mita 790,000. Kasulu iko kanda ya 36, na namba yake ya mashariki haifiki 200,000, ingawa kila mtu aliyepanda basi kati ya miji hiyo anajua kwamba Kasulu iko mashariki ya Kigoma. Ukiwa na mradi wenye majengo pande zote mbili na ukaunganisha modeli zake kwa koodineti za pamoja bila kuuliza kanda, jengo moja litakwenda kukaa mahali pasipojulikana. Na kuna lingine: ramani nyingi za upimaji nchini zimejengwa juu ya mfumo wa Arc 1960, wakati simu yako inasoma WGS84, mfumo unaotumiwa na GPS, na tofauti kati ya mifumo hiyo kwa upande wetu ni takriban mita 300. Muulize mpima ametumia mfumo gani na kanda gani, na uandike jibu lake ndani ya faili. Chuo cha Ardhi kipo hapa hapa Tabora. Hatuna udhuru wa kutojua mtu wa kumuuliza.

Urefu nao una mtego wake. Kwangu mimi usawa wa sifuri ni juu ya kigae kilichokwisha kutandikwa. Kwa mhandisi wa miundo, sifuri ni juu ya zege. Kati yetu kuna sentimita tano za plasta ya sakafu na kigae. Kwenye kioo sentimita tano hazionekani, lakini mlangoni zinaonekana, na kwa mtu wa kiti cha magurudumu ni ukuta. Kigoma ni mji wa miteremko, jengo moja linaweza kuwa na sakafu za usawa tatu tofauti zikishuka kuelekea ziwani, na kosa hilo hilo likajirudia katika kila usawa. Tumekubaliana katika timu yetu kwamba usawa wa zege na usawa wa kigae yawe mambo mawili yenye majina mawili ndani ya faili la gridi, na kila mmoja asome wake.

Naomba sasa wakadiriaji majenzi wanisikilize, maana hili linagusa fedha. Jamvi ni la nani? Mbunifu analihitaji ili michoro yake ya kukata isionekane kama nyumba inaelea, na mhandisi analihitaji kwa sababu ndiye anayelipangia nondo. Basi kila mmoja analichora. Modeli zikiunganishwa, majamvi mawili yanakaa mahali pamoja na jicho linaona moja. Lakini jedwali la vifaa halitazami kwa jicho. Ukiliambia lihesabu pamoja na vilivyomo kwenye viungo, jamvi la mita 30 kwa 12 lenye unene wa sentimita 15, ambalo ni mita za ujazo 54 za zege, linakuja kama 108. Mkadiriaji mzoefu atashtuka. Kijana aliyeambiwa kwamba kompyuta haikosei ataipeleka namba hiyo kwenye makadirio, na mteja ataambiwa kwamba fedha zake hazitoshi kujenga kitu ambacho zingetosha kukijenga.

Tunachofanya ni kuandika, kabla ya kazi, nani anamiliki nini. Zege lote ni la mhandisi wa miundo: msingi, nguzo, boriti, jamvi. Kuta za tofali, milango, madirisha, dari na tabaka la juu la sakafu ni vyangu. Tundu la bomba kwenye boriti linaombwa na mtu wa mabomba, lakini linakatwa na mwenye boriti. Karatasi hiyo ni ukurasa mmoja tu, na ninaithamini kuliko mafunzo yoyote ya programu niliyowahi kuyapata, kwa kuwa maswali yote magumu ya mradi yanajitokeza pale tunapoiandika, tukiwa bado marafiki na chai ikiwa bado ya moto.

Yaliyobaki nitayapitia kwa haraka.

Revit inakupa namna mbili za kuunganisha. Kwa namna ya kuambatisha, mtu wa tatu akiunganisha faili lako anapata pia vile ulivyoviunganisha wewe. Kwa namna ya kutandaza, anapata la kwako tu. Katika timu ambayo kila mtu anamuunganisha kila mtu, tumieni kutandaza, la sivyo modeli moja itakuja kupitia njia mbili na mtaiona imekaa juu ya nafsi yake.

Jina la faili lisibadilike. Weka tarehe kwenye folda ya kumbukumbu, na faili linalofanya kazi libaki na jina lake tangu siku ya kwanza hadi siku ya makabidhiano. Kama mwenzako amekosea na kukutumia jina jipya, usifute kiungo. Iambie programu ipakie upya kiungo kile kile kutoka faili jipya, nacho kitabaki pale kilipokuwa. Tafadhali lishikeni hili, kwa kuwa ndilo lililoyapeleka mabomba yangu ukumbini.

Kwa sisi tunaopeana kazi kwa flashi, chagueni njia ya folda inayohesabiwa kutoka faili lilipo, badala ya ile inayoanzia kwenye herufi ya diski, na folda nzima ihame kwa pamoja. Vinginevyo utafika Urambo, ufungue kompyuta mbele ya mteja, na jengo likose nguzo.

Matoleo ya programu yalingane. Faili lililohifadhiwa kwa toleo jipya halifunguki kwenye toleo la zamani, na Revit haina njia ya kulirudisha nyuma. Nyie watu wa reli mnalielewa: reli yetu ya zamani ina upana wa mita moja na hii ya kisasa ina milimita 1,435, na behewa zima kabisa la njia moja haliwezi kupita kwenye njia ya pili. Pale ambapo mwenzenu anatumia programu tofauti kabisa, pitieni IFC, muundo wa wazi ambao tangu 2013 ni kiwango cha kimataifa cha ISO namba 16739. Utaona jengo lake na vipimo vyake, ingawa hutaliona kwa ukamilifu ule ule, na nukta ya asili inabidi mkubaliane vile vile.

Na watu wa umeme: kama vyumba vyenu vinakataa kutambua kuta zangu, ni kwa sababu kiungo hakijaruhusiwa kuwa mpaka wa chumba. Ni alama moja ya kuteua katika sifa za kiungo.

Mwenyekiti ameniashiria kwamba muda umekwisha na umeme bado upo, kwa hiyo tuutumie. Kwenye meza hii kuna kompyuta yenye modeli nne za bweni lile lile nililowasimulia: yangu, ya miundo, ya mabomba na ya kiwanja. Nimeziacha kama zilivyokuwa siku fundi aliponipigia simu, mabomba yakiwa ukumbini. Nawaomba vijana wawili waje mbele, mmoja awe mbunifu, mwingine awe mhandisi wa mabomba, na mkadiriaji mmoja akae kati yao na jedwali. Msianze na mabomba. Tengenezeni kwanza faili la gridi, na mwambiane kwa sauti makutano ya A na 1 yako wapi.